Kule Nyuma, Karibu na Dirisha

Unapita pale kila siku, usiniambie hupiti. Asubuhi ukienda kazini unawasikia watoto nyuma ya ukuta wakiitikia kwa pamoja, unatabasamu, unajiambia mambo yanakwenda, watoto wanasoma. Hatua chache mbele unavuka barabara kwenda upande wa pili, maana ubavuni mwa shule kuna karakana ya vyuma inayopiga kelele na kurusha cheche, nawe hutaki shati lako litoboke. Unaziba masikio, unakaza mwendo. Hujasimama hata mara moja ukajiuliza: kama wewe mpita njia huwezi kuvumilia, yule mtoto aliyekaa upande wa pili wa mabati anavumiliaje?

Wala sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa sababu unajua. Siku kile kipande cha uwanja wa shule kilipokodishwa kwa karakana hiyo, mkutano uliitishwa, ukaja. Ukaambiwa kodi itanunua madawati. Ukainua mkono kukubali, ukapiga makofi, ukamalizia soda yako, ukaenda zako. Hiyo soda naikumbuka, ilikuwa ya moto. Madawati sijayaona mpaka leo.

Kaa basi nikusimulie habari za nyumba moja tu. Nyumba zenyewe ni nyingi, lakini hii moja inatosha kukuharibia usingizi, kama bado unao.

Katika Darasa la Tatu la shule ile watoto wamejaa mpaka mlangoni na madawati ni ya kugombania. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye sauti iliyokwaruzika kwa miaka ya kushindana na kelele, alibuni utaratibu wake. Kila Ijumaa, baada ya mapumziko ya asubuhi, husoma imla ya maneno ishirini. Aliyepata mengi hukaa mbele, juu ya dawati, wiki nzima inayofuata. Aliyepata ya wastani hukaa katikati, wanabanana wanne wanne. Aliyepata machache hukaa chini sakafuni, kule nyuma karibu na dirisha, daftari juu ya goti. Mwalimu hakufanya hivyo kwa ukatili. Ungepewa wewe watoto wale na madawati yale, ungefanya nini? Ungeomba uhamisho.

Watoto wenyewe walishazipa sehemu hizo majina. Mbele paliitwa Sebuleni, katikati Jikoni, na kule nyuma Stoo. Jumatatu asubuhi ungewaona wanahama na mifuko yao kama wapangaji waliotupiwa vyombo nje. Wa Jikoni wanapanda, wa Sebuleni wanashuka, wengine wanalia, wengine wanacheka. Lakini ungetazama vizuri ungeona kwamba wa Stoo hawapandi. Anayeshuka kule, hukaa kule.

Chiriku alishushwa Stoo na homa. Jina hilo alilipata kwa bibi yake, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki: akiamka anasema, akila anasema, akikosa wa kusema naye anaisemesha sufuria. Shuleni alikuwa mtoto wa Jikoni, na mara mojamoja alikaa Sebuleni. Ijumaa moja alikwenda shule na homa, akaandika imla huku meno yanagongana, Jumatatu akajikuta sakafuni chini ya dirisha. Homa ikapona. Chiriku hakutoka Stoo.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na wenzake walimwita Cheche. Mama yake alipiga pasi kwa dobi. Waliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, wao wawili, Chiriku, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa Darasa la Pili, mtoto ambaye habari za watu wengine zilimwasha ulimi.

"Leo umepata ngapi?" baba aliuliza Ijumaa moja baada ya hapo, akijisugua mikono kwa mafuta ya taa kuondoa weusi.

Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Sita!" alijibu mdogo wake. "Na Mwalimu amesema Ijumaa ijayo mama aende. Na mwisho wa mwezi, walioko Stoo wote wanashushwa darasa, wanakuja kwetu. Dada, tutakaa pamoja! Nimeshakuwekea nafasi."

"Funga bakuli lako," mama alimwambia. Kisha akamgeukia binti. "Ni kweli unashushwa?"

"Kama sijapata kumi na mbili."

"Sita katika ishirini," baba alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Mimi nashinda kwenye moto, macho yanawasha mpaka nalala nimeyafunika kitambaa cha maji, ili wewe ukapate sita. Unakwenda darasani na pamba masikioni? Eti? Nakuuliza wewe, Pamba."

Mdogo mtu akacheka. Na jina likabaki. Pamba, niletee maji. Pamba, toa viatu njiani. Kila lilipotamkwa, Chiriku alipunguza neno moja katika maneno yake ya siku, mpaka chumba kikawa kimya ajabu, na mama akaanza kuogopa.

Wiki ile mama alileta nyumbani mashati ya dobi, akawa anapiga pasi huku anamsomea binti maneno kutoka kwenye daftari lake. Mama mwenyewe aliachia shule njiani, lakini neno lililoandikwa mbele yake alilijua. Alitaja, akageuza kola, akataja lingine.

"Kiangazi. Umeandika? Mshahara. Usinitazame mimi, tazama daftari. Kizingiti."

Chiriku aliandika bila kusita, na penseli yake ilikwenda kama mtoto aliyetumwa dukani na kuahidiwa chenji. Mama aliweka pasi juu ya kigae chake, akachukua daftari, akasogea nalo kwenye mwanga. Yote yalikuwa sawa. Kesho yake akamsomea maneno mengine, magumu zaidi, kutoka kwenye gazeti lililofungiwa mashati. Alikosa moja.

"Sasa niambie. Hapa unaandika, kule unakwama. Unamwogopa Mwalimu?"

"Simwogopi."

"Wenzio wanakusumbua?"

"Hapana."

"Basi ni nini, mwanangu? Wewe wa kusema mpaka majirani wanagonga ukuta, leo umekosa la kuniambia mimi?"

Chiriku alitazama pazia. Nyuma ya pazia baba alikuwa amejilaza, kitambaa cha maji machoni.

"Sijui, mama," akasema.

Ijumaa mama aliomba ruhusa kwa dobi. Dobi alimtazama kama aliyeomba kuazima jicho.

"Ruhusa? Mteja akija kuchukua suruali nimvalishe ruhusa?"

"Ni saa moja tu, kaka. Mtoto wangu anashushwa darasa."

"Wa kwangu alishushwa mara mbili, na leo ana pikipiki. Nenda, lakini suruali zako zitakusubiri hapo hapo, na leo hutoki mpaka ziishe."

Alifika shuleni amevaa gauni lake la kwendea kwa watu. Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini, mlango wazi, akinywa chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani? Wa Darasa la Tatu? Ngoja nje. Imla inaanza sasa, Mwalimu hawezi kukatishwa."

"Nikae wapi?"

Mwalimu Mkuu alitazama kulia na kushoto kwenye ofisi yenye viti vitatu vitupu. "Kuna kivuli nyuma ya darasa," akasema.

Mama akaenda kusimama kivulini. Hivyo ndivyo mama yake Chiriku, kwa kunyimwa kiti, alivyojikuta mahali ambapo Mwalimu Mkuu, mkaguzi, mwenyekiti wa kamati, na wewe, hamjawahi kusimama: nje ya dirisha la nyuma, kati ya ukuta wa darasa na mabati ya karakana.

Kengele ililia. Alimwona Mwalimu kule mbele akishika kitabu, akifungua kinywa. Na hapo hapo, mgongoni kwake, grinda ikaanza.

Ukitaka kujua sauti ile, usisome, nenda. Chuma kinakatwa na gurudumu la mawe na kinapiga kelele kama kinaomba msamaha. Mabati yalitetemeka. Kioo kimoja kilichobaki dirishani kikatetemeka. Mama alimwona Mwalimu akitamka, mishipa ya shingo imemtoka, na neno halikumfikia. Sebuleni walisikia, vichwa vikainama kwa pamoja. Jikoni nusu waliinama, nusu waliulizana. Stoo hakuinama mtu. Watoto wa Stoo walitazama migongo ya wenzao, na walipoona migongo imeinama walijua kwamba neno limeshapita. Wakaandika namba yake, wakaacha pengo. Mmoja alikuwa akichora jogoo.

Chiriku alikuwa ameinua uso, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayekinga tone kwenye bomba lililokauka. Ghafla grinda ilinyamaza, kwa muda wa pumzi moja tu. Chiriku akainama haraka, akaandika. Grinda ikaendelea. Akainua tena uso, akangoja.

Mama alijua karakana iko pale. Mume wake ndiye aliyefanya kazi pale! Mara ngapi amepita mlangoni kumwachia ufunguo. Lakini akilini mwake karakana ilikuwa mahali na shule mahali pengine, kwa sababu ya mabati yale membamba. Sasa alisimama katikati ya vyote viwili.

Imla ilipokwisha, Mwalimu alimpokea mlangoni, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Mama Chiriku, mtoto wako ananivunja moyo. Angekuwa anakosea ningejua la kufanya. Hakosei. Anaacha mapengo, halafu ananikodolea macho. Leo tano!"

"Mwalimu, umewahi kusimama kule nyuma ukasikiliza?"

"Nikisimama nyuma, mbele atasimama nani?" Mwalimu alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kelele nazijua, mama. Ndiyo maana napiga makelele mpaka usiku natema damu. Na wa mbele wanapata kumi na nane, kumi na tisa. Sauti inafika."

"Inafika kwao."

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesogea na kikombe chake, alijibu kwa niaba yake. "Karakana ipo kwa mkataba, mama. Wazazi wenyewe mlipitisha. Na utaratibu ni utaratibu. Imebaki Ijumaa moja."

Walipofika nje ya geti, mama alimshika binti mabega.

"Ulijua ni ile mashine."

"Ndiyo."

"Umekaa wiki nzima unaitwa Pamba, na ulijua! Kwa nini hukusema?"

Maneno yote ambayo Chiriku alikuwa ameyaweka akiba yakamwagika. "Baba alisema yule fundi wa kwanza alifukuzwa kwa sababu ya shule. Mwalimu wa zamani alikwenda kulalamika, Tajiri akasema fundi ndiye anayekata ovyo, akamfukuza. Baba alisema shule wakilalamika tena, zamu yake. Na mimi najua ni yeye anayekata, mama. Tajiri akikata mwenyewe hapumziki, anakata tu mpaka chuma kinaanguka. Baba anakata, ananyamaza kidogo, anapuliza, anakata tena. Pale anapopuliza ndipo ninapopata neno." Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Yale sita ni ya baba."

Jioni mama alimweleza mumewe, neno kwa neno. Cheche alikuwa anasugua mikono. Mikono ikaacha kusuguana.

"Napuliza?" akauliza.

"Amesema unapuliza."

"Napuliza ule unga wa chuma." Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba anaongea usingizini. "Ukijaa huoni mstari wa chaki, utakata kombo. Sikujua kama... Amehesabu pumzi zangu, huyu mtoto?"

"Amehesabu. Nawe umempa jina."

Cheche aliingia nyuma ya pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha watoto. Mama alimsikia akisema, "Chiriku." Halafu tena, "Chiriku, baba hakujua." Na sauti ya binti ikajibu kwa haraka, kwa furaha, kama bomba lililofunguliwa maji, ikaanza kumweleza habari za jogoo aliyechorwa na mwenzake, alivyo na miguu mitatu.

Jumatatu Cheche alimfuata Tajiri, mwenye karakana. Usifikirie tajiri wa magari na majumba. Jina hilo walimpa kwa sababu mashine ni zake. Mtu mwenyewe alivaa ovaroli kama fundi wake, na mikono yake ilikuwa na makovu yale yale.

"Bosi, nilikuwa na ombi. Ijumaa baada ya mapumziko ya shule, ile saa ya imla, nipige rangi badala ya kukata. Wakimaliza, nakata mpaka jioni. Hata nikichelewa kutoka, sidai kitu."

"Imla." Tajiri alilitamka neno kama jina la ugonjwa. "Ijumaa ndiyo siku ya kumalizia mageti, Jumamosi wenyewe wanakuja kuchukua. Wewe Cheche umekuwa Mwalimu Mkuu lini?"

"Ni watoto hawasikii, bosi. Wangu anashushwa darasa."

"Wangu yuko darasa hilo hilo, mbona anapata kumi na nane?"

"Anakaa mbele."

"Haya! Wa kwako naye asogee mbele."

Akaondoka akicheka, akawa anawasimulia wateja siku nzima, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja alicheka. Cheche alichomelea bawaba huku wanamcheka, uso ndani ya kinyago, na namshukuru aliyebuni kinyago kile.

Ijumaa ikafika. Tajiri alikuwa ametoka kwenda kununua vyuma. Kengele ya mapumziko ilipolia mara ya pili, Cheche alizima grinda, akachomoa waya ukutani, akauzungusha mkononi, akaukalia. Kisha akachukua brashi na kuanza kulipaka geti rangi, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Darasani, Mwalimu alivuta pumzi, akapaza sauti kama alivyozoea, na neno la kwanza likatoka na kwenda mpaka barabarani. Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akajishika koo, akatazama dirishani. Akasema la pili kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo watoto wengine walikuwa hawajawahi kuisikia kwake, nayo ilikuwa nzuri. Vichwa vikainama: vya Sebuleni, vya Jikoni, na kule nyuma, kwa mara ya kwanza, vya Stoo. Vyote pamoja. Neno la tatu. La nne. Yule wa jogoo alikuwa ametoa ulimi nje kwa kuandika.

Walikuwa neno la kumi na moja Tajiri alipoingia na vyuma begani.

"Humu kuna msiba?"

"Bado kidogo, bosi. Wanamaliza."

"Nani anamaliza? Wanamaliza nini?" Akaona waya. "Inuka."

Cheche hakuinuka.

"Cheche, geti la watu linachukuliwa kesho. Inuka juu ya waya wangu."

"Nipe dakika chache tu. Nakuomba kwa jina la mtoto wako mwenyewe, yumo mle ndani."

Tajiri alimvuta kwa ukosi, akaunyakua waya, akauchomeka. Akashika grinda mwenyewe, bila miwani, na akakata kama alivyosema Chiriku: bila kupumzika, bila kupuliza, mpaka chuma kikaanguka. Akachukua kingine. Kati ya chuma na chuma aligeuka na kusema maneno ambayo Cheche hakuyasikia, lakini aliyaelewa, kwa sababu kidole kilikuwa kimeelekezwa mlangoni. Cheche akavua ovaroli, ambayo nayo ilikuwa mali ya karakana, akatoka na fulana yake ya ndani, mchana kweupe, watu wakimtazama. Labda hata wewe ulimwona. Labda ulidhani ni mlevi.

Mchana ule Mwalimu alibaki darasani kusahihisha. Alipofika madaftari ya Stoo alisahihisha la kwanza, la pili, la tatu, akasimama. Akayachukua yote, akayafungua sakafuni, moja ubavuni mwa jingine, pale pale chini ya dirisha ambapo wenyewe hukaa. Yote yalikuwa yameandikwa mpaka neno la kumi na moja. Yote yalikuwa matupu kuanzia la kumi na mbili. Ilikuwa kama mtu amepita na kisu, akakata mstari mmoja mnyoofu kuanzia daftari la kwanza hadi la mwisho.

Alipiga magoti mbele ya madaftari yale, mwanamke aliyetema damu kwa kupaza sauti. Watoto hawa aliwaita wavivu kwa miezi mingi. Aliwakalisha mwenyewe mahali pasiposikika, akawaadhibu kwa kutosikia.

Akayabeba mpaka ofisini.

"Kumi na moja," alisema Mwalimu Mkuu baada ya kuyatazama. "Ni maendeleo. Lakini kiwango ni kumi na mbili."

"Mwalimu Mkuu, tazama mstari!"

"Nauona. Na mkataba nao nauona, na kamati naiona. Wewe hutaulizwa, nitaulizwa mimi. Jumatatu mchana wanashuka."

"Jumatatu asubuhi narudia imla. Saa ile ile, darasa lile lile."

"Rudia," alisema, akinyoosha mkono kwenye chai. "Hakuna kitakachobadilika."

Jumatatu watoto walikaa walivyokaa. Kengele ikalia, na upande wa pili fundi mpya akawasha grinda. Mwalimu alichukua kitabu chake, akapita katikati ya Sebuleni, akapita Jikoni akiruka mifuko, akafika Stoo, akasimama chini ya dirisha katikati ya watoto waliokaa sakafuni. Wakamsogezea miguu apate pa kukanyaga. Akasoma neno la kwanza.

Chiriku aliinama, akaandika.

Kule mbele vichwa viligeuka. "Mwalimu, hatusikii!"

Akasoma la pili.

"Mwalimu, sauti!" Huyo alikuwa mtoto wa Tajiri, amesimama juu ya dawati.

"Nasoma kwa sauti ile ile ninayosoma kila Ijumaa," Mwalimu alijibu, naye hakumsikia. Alimwonea huruma. Lakini akasoma mpaka la ishirini.

Chiriku alipata kumi na tisa. Wa jogoo alipata kumi na nne, na mwenyewe alirudia kuhesabu akidhani Mwalimu amekosea. Sebuleni kulikuwa kweupe, mapengo kutoka juu mpaka chini, na vilio ambavyo shule nzima ilivisikia, grinda isivisikie.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma. Watoto wa Stoo walikosa kwa miezi, akaja mama mmoja tu, akapewa kivuli. Watoto wa Sebuleni walikosa asubuhi moja, na kabla ya saa nane uani pamejaa. Akaja mwenye duka, akaja mjumbe wa kamati. Wa kwanza wao wote alikuwa Tajiri, na ovaroli yake, amemshika mwanawe mkono.

"Kijana wangu amepata matatu! Mnafundisha nini humu?" alimpigia kelele Mwalimu Mkuu, nje, karibu na mabati.

Mwalimu Mkuu aliweka kiganja sikioni. "Umesemaje?"

"Nimesema matatu!"

"Sikusikii!"

"Nasema..." Tajiri aligeuka, mishipa imemvimba, akayapigia ngumi mabati yake mwenyewe. "We zima hiyo! Zima! Watu tunaongea!"

Fundi mpya hakusikia. Akaendelea kukata. Mama Chiriku, aliyekuja kumsindikiza binti yake Darasa la Pili, amebeba mfuko wake mkononi kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba wanashushwa mchana huo, alisogea mpaka karibu na sikio la Tajiri.

"Mwambie apulize kidogo," akasema. "Watoto hupata neno hapo."

Tajiri alimtazama. Akamtazama mwanawe aliyekuwa analia. Na uso wake ukashuka, pole pole, kama geti lililotolewa bawaba ya juu.

Tajiri na Mwalimu Mkuu wakakubaliana siku ile ile. Ijumaa, saa ya imla, mashine zizimwe. Chiriku hakushushwa, na mdogo wake alinuna siku mbili kwa sababu ya nafasi aliyomwekea. Leo binti anakaa Jikoni, na maneno yake yamerudi yote na riba juu. Nyumbani wanamwomba anyamaze, halafu wanajuta wenyewe kuomba.

Nimeona unavuta pumzi. Usivute bado. Cheche hakurudishwa kazini. Anakaa kandokando ya barabara na vyombo vya kuazima, anangoja mwenye kiti kilichovunjika mguu, na macho yanawasha kama kawaida. Na ni Ijumaa tu, saa moja tu. Jumatatu wanasoma, Jumanne wana hesabu, Jumatano, Alhamisi, grinda inakata na fundi mpya hapulizi. Madawati hayajaja. Stoo ipo pale pale. Chiriku alipoinuka, sakafu haikupoa: amekaa mtoto mwingine, mdomo umefunguka kidogo, anatazama migongo. Sijui ni wa nani. Huenda ni wako. Umemuuliza anakaa wapi darasani?

Jumamosi hii ni mkutano wa wazazi. Mkataba wa karakana umekwisha, wanataka kuuongeza, na wanahitaji mikono. Njoo. Usitume salamu, usimtume mkeo wala mumeo. Usikae mbele kwenye viti vya plastiki. Kaa nyuma, sakafuni, chini ya dirisha, na wakikuletea soda ikatae. Watasoma masharti kwa sauti ya kusikika mbele tu. Usiposikia, usiinamishe kichwa kwa kuwa wa mbele wameinamisha. Simama. Useme hujasikia, urudie kusema, mpaka mashine izimwe, mkataba usomwe upya, na madawati yaulizwe yako wapi. Na watakapoomba mikono, ule mkono wako, ule ule ulioinuliwa siku ile, uuweke chini.